Sauti ya Chini

Kijiwe chenyewe ni kochi. Kuna mteja alileta kochi la watu watatu lishonwe upya, akaondoka, asirudi tena. Fundi alichoka kulizunguka ndani ya karakana, akalitoa nje na kuliegemeza ukutani, kati ya mlango wake na mlango wa kinyozi, na mguu wake uliovunjika akauwekea tofali. Tangu hapo pamekuwa baraza. Upande wa tofali hukaa Kamusi, mwalimu mstaafu, ambaye hajapata kuulizwa jambo akasema hajui. Katikati hukaa kinyozi, aitwaye Waziri kwa kuwa kila habari huitoa kama tangazo la serikali. Mama Birika hakai. Yeye huweka jiko lake la mkaa mbele yao na kuwamiminia kahawa, na asipomimina huwasema. Upande wa mlango hukaa fundi mwenyewe. Zamani hapo walibanana wawili, fundi na pacha wake, kila mmoja na nusu ya tako lake hewani. Sasa pacha amelala kwenye udongo, Mungu amrehemu, na nafasi ipo tele, lakini fundi bado hukaa vilevile, nusu ya tako hewani, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee.

Asubuhi hiyo kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

— Waziri, nina neno.

— Sema, Fundi. Baraza limekaa.

— Si la kucheka.

— Nani amecheka? Mama Birika, umeona mtu amecheka?

— Wewe uso wako ulizaliwa nao unacheka, — akajibu Mama Birika. — Mwache mwenzio aseme.

Fundi alikishika kikombe kwa mikono miwili. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na tangu msiba alikuwa akisema polepole zaidi, kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta.

— Dada yetu mkubwa anakuja leo. Anataka kumchukua mama ampeleke makaburini, akaliguse kaburi kwa mkono wake. Maana mama anakataa. Anasema mwanawe hajafa.

— Si alikuwepo siku ya mazishi?

— Alikuwepo. Alilia kuliko sote.

— Uzee huo, — Kamusi akasema. — Kumbukumbu ya mzee huanza kuvuja kwa yale ya karibuni.

— Mama yangu havuji, Mwalimu. Macho ndiyo yamekwisha. Kichwani anakumbuka hata rangi ya shuka aliyotuzalia. Anakataa kwa sababu amemsikia.

Waziri aliweka kikombe chini.

— Amemsikia nani?

— Marehemu. Akiimba.

Mama Birika akasema jina la Mungu kimyakimya, akazidisha moto ambao haukuhitaji kuzidishwa.

Fundi akawaeleza. Juzi mama alimwita chumbani, nyuma ya karakana, akamwomba amwimbie wimbo wao wa utoto. Akamjibu, mama, wimbo ule ni wa watu wawili, na sauti ya chini ilikuwa ya mwenzangu. Mama akasema, imba yako tu mwanangu, hiyo nyingine nitaijazia mwenyewe moyoni. Basi akaketi pembeni mwa kitanda, akaimba.

— Nilipomaliza, mama akanyoosha mkono. Si upande wangu. Upande wa pili wa kitanda, kwenye ukuta. Akasema: “Na wewe mbona husemi?”

Pikipiki ilipita barabarani na vumbi lake likawafikia, lakini hakuna aliyepepea mkono.

— Na wewe ulisikia? — Kamusi akauliza.

— Nilisikia. Zilikuwa mbili.

— Kooni mwako?

— Sijui, Mwalimu. Ndiyo maana nimekaa hapa na ninyi badala ya kukaa na kazi yangu.

Waziri akakuna kidevu.

— Ngoja kwanza. Wimbo gani huo wenyewe? Maana ninyi wawili miaka yote mlikuwa mnavuma humo ndani kama mashine ya kusaga. Mimi nilidhani ni kazi inavuma.

Fundi alitaka kucheka, na cheko lilifika kooni likarudi. Aliona tena chumba cha baba yao, fundi makochi kama wao, na siku lilipoletwa kasha kubwa la gramafoni ili kitambaa cha mbele ya spika kibadilishwe. Wao walikuwa wadogo, meno ya mbele yameng’oka na mapya hayajaota. Baba alipochomeka waya ajaribu, juu ya sahani palikuwa na santuri moja iliyosahauliwa, karatasi yake ya katikati imefutika hata herufi moja haikubaki. Sindano ikashuka.

Alikuwa ni mtu mmoja. Hilo walilijua papo hapo bila kuambiwa, kama unavyojua kwamba chumba cha pili anatembea mtu mmoja. Lakini sauti zilikuwa mbili. Ya chini ilivuma kama nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi. Ya juu ililia nyembamba, kama upepo unaopita kwenye tundu la ufunguo, nayo ilipanda na kushuka wakati ile ya chini haitikisiki. Hapakuwa na ngoma wala gitaa, na maneno hayakuwemo. Baba alisema, huyu mtu ni mgonjwa. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza nani anakufa. Na watoto wale wawili waliketi sakafuni kwenye vipande vya kitambaa, mgongo kwa mgongo, nywele zimewasimama, wakaomba santuri irudiwe.

Wenzao mtaani walipenda muziki wa kucheza. Wao walishikwa na ule. Kasha lilikaa mle ndani muda wote wa kazi, nao wakawa wanaficha misumari midogo ya baba chini ya mkeka ili kazi isiishe. Baba alishangaa misumari inakwenda wapi, mwishowe akanunua mingine. Mwenye kasha akaja, akalichukua pamoja na santuri yake, na hawakuisikia tena maisha yao yote. Kilichobaki walikitengeneza kwa kukumbuka. Kila mmoja alijaribu kutoa zote mbili, ikashindikana. Fundi aliweza ya juu tu, na mwenzake ya chini tu. Basi wakagawana. Waliegemezana migongo, na wimbo ukawa unapita kwenye mifupa kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu, mpaka hawakujua unaanzia kwa nani. Walipokuwa watu wazima, marehemu akipiga misumari huku mingine ameibana midomoni, alivuma kwa mdomo uliofungwa. Fundi akivuta kitambaa upande wa pili, alimwekea ya juu. Makochi ya mji huu yalishonwa hivyo.

Yote haya aliyasema kwa maneno machache sana, lakini baraza lilielewa.

— Sasa neno langu ni hili, — akasema. — Nikimwimbia mama tena, na ikiwa ni koo langu tu, ninamdanganya mzee kipofu. Nikimwambia ni koo langu tu, na kumbe siyo, nimemfukuza ndugu yangu mlangoni. Na mimi ninaamini aliye kwa Mungu yuko kwa Mungu, harudi kuja kuimba. Sasa nimwambie nini mama kabla dada hajafika?

Kamusi ndiye aliyeanza, kama kawaida.

— Hapa hakuna ajabu. Uimbaji huo upo. Wako wachungaji wa nchi za baridi, nyika tupu, farasi na upepo, wanaimba hivyo hivyo. Kinywa ni chumba, Fundi. Ukikibana chumba sawasawa, sauti moja inapasuka, inazaa mtoto. Ya chini ndiyo mama, ya juu ndiyo mtoto. Koo moja.

— Nilijaribu utoto wote, Mwalimu. Haikuzaa.

— Hukuwa umelia. Kilio cha msiba hulegeza koo.

— Mimi nililia nilipofiwa na mume wangu, — Mama Birika akasema, — kilichotoka ni kikohozi.

— Mama Birika, usiingilie elimu.

— Elimu gani, na wewe hata mluzi huwezi?

Waziri akainua mkono, tangazo likafuata.

— Wananchi, sikilizeni. Sponji. Sponji inanyonya nini? Inanyonya maji, inanyonya jasho, inanyonya harufu ya mtoto aliyekojoa miaka kumi iliyopita. Kwa nini isinyonye sauti? Marehemu amevuma juu ya sponji tangu ana ndevu moja. Sauti imo humo! Mtu akikaa, anaikamua.

Bila kupanga, wote watatu walijiinua kidogo kutoka kwenye kochi. Halafu Kamusi akajikalisha kwa nguvu ili ionekane hakujiinua.

— Upuuzi. Mama hakukalia kochi. Alikuwa kitandani.

— Na godoro la kitanda nani alilishona?

Godoro lile alilishona marehemu, mwaka wa mvua nyingi, akalitia mishono minene ya pembeni kwa ile sindano iliyopinda, na kazi nzima alikuwa akivuma.

— Yeye, — akasema.

Waziri, aliyekuwa amesema kwa mzaha, hakufurahi kushinda.

— Mimi naona vingine, — Mama Birika akaanza, na sauti yake ilikuwa imeshuka. — Hawa walikaa tumbo moja, mahali padogo. Hewa ya kule hupewi mara mbili. Walipimiwa pamoja. Sasa mmoja ameondoka kabla hajamaliza yake. Iliyobaki iende wapi? Si inarudi kwa mwenzake?

— Mungu hagawi pumzi kwa kijiko, Mama Birika.

— Sijasema kijiko, Fundi. Usinitie maneno mdomoni. Nimesema iliyobaki.

— Yake haikubaki. Nilikuwa nimemshika. Iliisha yote.

Jua lilikuwa limefika kwenye vidole vyao vya miguu. Ndani ya karakana, mahali palipoonekana kutoka nje, kiti kikubwa cha mteja kilisimama nusu uchi. Upande mmoja kitambaa kimevutwa kikanyooka, upande wa pili kimebanwa na jiwe, kwa kuwa hakuna wa kukishika.

Waziri alikuwa akitazama kile kiti. Safari hii hakuinua mkono.

— Na je, kama aliyezikwa ni wewe?

— Waziri!

— Nauliza tu, Mama Birika. Sisi tulikuwa tunawachanganya. Nimewahi kumnyoa mmoja asubuhi, jioni nikakutana na mwenzake nikashtuka, nywele zimeota lini? Nani alithibitisha nani ni nani?

— Mimi ninajijua, — fundi akasema.

— Siku ile ulikuwa unajijua? Tulikuita kwa jina lako mara ngapi hukuitika? Mama yenu alimgusa uso marehemu. Alimtaja nani?

Fundi alifikiri. Alimwona mama akipitisha vidole juu ya paji la uso lililopoa, nyusi, pua, midomo yenye kovu dogo la msumari.

— Hakumtaja mtu. Alilia.

— Haya.

— Haya nini? — Kamusi akafoka. — Mtu mzima unasema haya! Mtu huyu ni huyu!

Lakini fundi tayari alikuwa ameitazama mikono yake. Aliyekuwa akivuta kitambaa ni yeye, kwa hiyo sugu zake zilipaswa kuwa kwenye ncha za vidole. Za mwenzake zilikuwa kwenye kiganja, pa kushikia nyundo. Akazitafuta. Zilikuwepo kwenye ncha, ngumu, mahali pake. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha ikamjia kwamba mtu mzima, mchana kweupe, amejitazama mikononi kuona kama yuko hai, na ubaridi ukampanda mgongoni, palepale palipozoea kuegemewa na mgongo wa mwenzake.

Kamusi aliona kijiwe kinamponyoka. Akasimama, akajipangusa suruali.

— Basi. Mambo ya kupima hayabishaniwi. Fundi, imba.

— Hapa?

— Hapa. Mimi nitaweka vidole kooni mwako. Sauti haiwezi kutoka koo lisitetemeke. Nikishika mtetemo mwanzo mpaka mwisho, basi zote mbili ni zako, utamwambia mama hivyo kwa ushahidi, na dada yako akija atakuta jambo limekwisha. Kweli si kweli?

— Kweli, — akasema Waziri.

Fundi akamtazama Mama Birika. Yeye akatikisa kichwa taratibu, lakini haikujulikana kama ni ndiyo au hapana.

Wakati huo mwanamke mmoja wasiyemjua alikuwa amefika, amebeba stuli iliyochanika kitambaa, ameiegemeza kiunoni. Alipoona mzee ameshika koo la mtu alisimama kando, akangoja kwa adabu, kama mtu aliyekuta watu wako kwenye sala.

Fundi alifumba macho. Vidole vya Kamusi vilikuwa vikavu na bado vilinukia chaki, miaka yote ile baada ya kustaafu. Akaanza na yake, ile ya juu, nyembamba, kwa woga, kama mtu anayegonga nyumba asiyojua kama ina watu.

Ya chini ikaja.

Haikuja kwa kishindo. Ilikuwa imeshafika ndipo wakagundua kwamba imefika, ikivuma chini ya ile nyembamba, haitikisiki. Kahawa kwenye vikombe ikafanya viduara vidogo. Waziri aliinamisha kichwa kama wafiwa wanavyoinama, akakitazama kidole gumba cha mguu wake. Mama Birika alijifunika uso kwa upande wa khanga. Fundi, gizani mwa macho yake, hakuwa na miaka wala msiba. Alikuwa amekaa sakafuni kwenye vipande vya kitambaa. Akaimba yake yote. Alipofika pale alipozoea kuvuta pumzi, akavuta, bila kuwaza, taratibu mpaka kifua kikajaa, kisha akaendelea mpaka mwisho.

Kuku waliokuwa wakiparua kwenye mfereji walikuwa wamesimama.

— Mmesikia? — Waziri akanong’ona. — Mbili. Kabisa mbili.

— Mwalimu, — fundi akasema, akiwa bado amefumba macho. — Ni koo langu?

Kamusi alikuwa ameshauondoa mkono wake. Alikuwa ameushika kwa mkono wa pili, kama umeungua.

— Mwalimu?

— Nipe muda.

Mwanamke akaitua stuli yake chini.

— Samahanini. Shikamooni. Nimekuja na kazi, lakini nimewakuta kwenye shughuli zenu. — Akasita. — Kaka, naomba kuuliza kitu kimoja tu.

— Uliza, dada, — akasema fundi.

— Ulipovuta pumzi, nani alikuwa anaimba?

Mwanamke akawatazama mmoja mmoja, akidhani labda wanachaguana nani aseme. Mama Birika aliondoa khanga usoni, na macho yake yalikuwa kwa Kamusi, kwa sababu ndiye aliyezoea kuwa na jibu.

— Koo lilitulia, — Kamusi akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe aliyefeli. — Alipovuta hewa, koo lilitulia kabisa. Nilikuwa nimelishika.

— Na sauti ya chini?

— Iliendelea.

— Basi nani?

— Sijui, — akasema Kamusi.

Mwanamke akauliza kama ameuliza vibaya. Fundi akafumbua macho, akamwambia hapana, dada, umeuliza vizuri. Akaipokea stuli yake na kuigeuza aone mbao za chini, maana kazi ni kazi.

Ndipo dada mkubwa alipotokea kwenye kona, amejitanda, anatembea haraka kama mtu aliyekuja kukomesha jambo.

— Uko tayari? Mama amevaa? Nimeshamwambia dereva asubiri barabarani.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba. Usinipige chenga. Leo mama ataligusa kaburi, mambo yaishe. Huwezi kumwacha mzee anamtengea chai maiti.

— Nitamwambia mimi, — akasema fundi. — Nitakaa pale kitandani nimwambie mwanao amekufa, mama. Tulimwosha, tukamzika, yuko kwa Mungu. Sitampunguzia hata neno.

Dada akashusha pumzi.

— Alhamdu… Mungu akubariki. Ndicho tunachotaka.

— Halafu nitamwimbia.

— Utamwimbia! Ili aanze upya?

— Nitaimba yangu, dada. Pa kuvuta pumzi nitavuta. Kitakachosikika wakati huo si changu, sitasema ni changu na sitasema ni cha nani. Mama ana masikio yake. Kaburini twende baadaye, akitaka.

Dada alitazama kochini atafute mtu wa kumsaidia kumkemea. Akawaona watu wazima watatu wametulia kama watoto walioambiwa wasiguse kitu. Waziri alikuwa amejiinua kutoka kwenye kochi, akasimama, na hakuonekana kuwa na nia ya kukaa tena.

Fundi akaitia stuli kwapani, akauelekea mlango wa karakana, ule wa kupitia kwenda kwa mama. Ni mlango mwembamba. Hata kiti cha mtu mmoja hupitishwa kwa ubavu. Alipofika kizingitini akasimama. Akasogea pembeni kidogo, akangoja, kama mtu anayempisha mwenzake. Kisha akaingia.